"Bro, niingize": Shamba la Bibi lilitulea, lakini pia lilituumiza

JUMAMOSI moja ya hivi karibuni nilikuwa nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, saa nzima kabla ya mechi kuanza. Kitambulisho cha uandishi shingoni, kompyuta begani, simu inaita, mhariri anataka vikosi. Mara nikahisi mtu ananivuta shati. Kugeuka, namuona dogo wa miaka kama tisa hivi, ndala mguu mmoja nyekundu, mwingine ya bluu.

"Bro, niingize."

Nilisimama kama beki aliyepitwa chenga. Sio kwamba sikumuelewa. Nilimuelewa kuliko watu wote waliokuwa pale nje, maana maneno hayo yalikuwa yangu. Miaka ishirini iliyopita niliyasema hapo hapo, hatua chache tu kutoka aliposimama, kwenye geti la uwanja wa zamani. Nikapata jibu, nikapata mkono wa mtu, nikaona mpira.

Nakaribia kufunga miaka 30 sasa. Umri huu kwenye kijiwe chetu watu wameanza kusema "mpira wa zamani bwana" kana kwamba tuna mvi. Na kila tukianza, stori zinakuwa tamu mno. Ugumu wote tunaugeuza kuwa utani. Leo naomba nizisimulie stori hizo zote, tamu na chungu, maana naona tunasimulia nusu tu.

MIKONO YA BABA ZANGU

Wasiojua, Shamba la Bibi ndio Uwanja wa Uhuru, ule ambao kabla ya 2007 uliitwa Uwanja wa Taifa. Bendera ya uhuru wa Tanganyika ilipandishwa pale usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Sisi watoto wa Tandika hayo tulifundishwa shule, ila hayakutushughulisha. Kwetu ule ulikuwa uwanja wa mpira, na swali lilikuwa moja tu: leo tunaingiaje?

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara. Nyumbani tunaaga tunakwenda tuisheni, tunakata mitaa kwa miguu, daftari limechomekwa kiunoni. Mfukoni tuna hela ya maji ya kandoro na karanga, basi. Hela ya kiingilio hatuna na hatujawahi kuwa nayo.

Mbinu ilikuwa hii. Mtoto akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima, watu wa getini walikuwa hawaulizi. Wanamwona ni mtoto wa mwenye tiketi. Kwa hiyo unachotakiwa ni kumpata baba. Kaka alinifundisha namna ya kumchagua. Mwenye gazeti kwapani, huyo mzuri. Aliyevaa jezi na anaimba peke yake, huyo achana naye. Mlevi usimguse, atakusahau katikati ya watu. Ukimpata, unaanza na salamu.

"Shikamoo mzee. Naomba uniingize."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Yuko ndani."

Ilikuwa uongo, na wao walijua ni uongo. Lakini mkono ulikuja. Mikono mikubwa, mingine migumu ya mafundi, mingine inanukia sabuni ya Jumapili. Tukishapita geti, mkono unaniachia na kauli inakuwa ile ile: "Haya mwanangu, kaangalie mpira." Sikuwahi kujua majina yao. Nikihesabu harakaharaka, utotoni nilikuwa na baba wasiopungua ishirini.

Kaka yeye alikuwa ameshakuwa mrefu. Mtu wa miaka kumi na mitatu mwenye sauti inayoanza kukatika nani atamshika mkono? Alikuwa akihakikisha nimeingia, halafu anakwenda kuzamia ukutani. Dakika ya kumi namwona anatokea mzungukoni, magoti yana vumbi, anacheka.

Ndani sasa, we acha tu. Ngazi za zege zimepigwa jua tangu asubuhi, ukikaa bila gazeti unaungua. Mihogo ya kukaanga inapita kichwani kwako, mwenye mihogo anapita mgongoni kwako. Siku za Simba na Yanga kulikuwa na upande ambao ukivaa rangi isiyo yake unarudi nyumbani kifua wazi. Chupa zilirushwa, na si kila chupa ilikuwa na maji, mnanielewa. Matusi niliyojifunza pale sikuyamaliza kuyaelewa mpaka nafika sekondari.

Tulikuwa timu gani? Hapo hamnipati. Mhariri ataninyima mechi.

KICHWA CHINI, WEWE!

Siku ambazo hakuna mechi uwanjani, tulihamia banda umiza. Vijana wa sasa wenye bando wanaweza wasilijue vizuri. Ni chumba cha mabati, dirisha hakuna, au lipo limezibwa na gunia ili walio nje wasionje bure. Mbele kuna runinga ya inchi 21 juu ya meza. Watoto tunakaa chini, watu wazima wanakaa kwenye mabenchi. Ukinyanyua shingo kidogo tu unasikia "kichwa chini, wewe!" na ganda la chungwa limeshafika kisogoni.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya mpira wa dunia imetoka humo. Ilikuwa Ijumaa, Mei 31, 2002, nikiwa darasa la kwanza. Kombe la Dunia lilikuwa Korea Kusini na Japan, kwa hiyo mechi za usiku wa kule kwetu zilikuwa mchana wa jua kali. Ufaransa, bingwa mtetezi, anacheza na Senegal ambayo haijawahi kutia mguu Kombe la Dunia. Papa Bouba Diop akafunga akiwa ameanguka chini, wakaenda kibenderani, jezi ikawekwa kwenye nyasi, wakaizunguka wakicheza. Bandani mzee mmoja alinyanyua benchi likiwa na watu. Diop alipofariki Novemba 2020 niliandika habari yake fupi dawatini, aya nne tu, nikajikuta nasikia harufu ya lile banda.

Mwaka uliofuata Simba ikaitoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Bao 1-0 hapa Dar, wakafungwa 1-0 Cairo, Juma Kaseja akasimama golini kwenye penalti na Christopher Alex akapiga ile ya mwisho. Mimi niliijua kwa kelele. Mtaa mzima ulipiga yowe kwa wakati mmoja mpaka mama akatoka nje akidhani kuna nyumba inaungua.

Na mpira wenyewe ulikuwa wa kiume, kama tulivyopenda kusema. Nakumbuka Roy Keane na Patrick Vieira wakizozana koridoni Highbury, Februari 2005, kabla hata mpira haujaanza. Nakumbuka Martin Keown akimrukia Ruud van Nistelrooy kama jogoo pale Old Trafford mwaka 2003. Lakini usiku wa usiku ulikuwa Juni 25, 2006, Ureno na Uholanzi, mjini Nuremberg. Mwamuzi Valentin Ivanov wa Urusi alitoa kadi za njano 16 na nyekundu nne. Bandani hakuna aliyekuwa anahesabu mabao, ingawa Maniche alifunga moja. Watu walihesabu kadi kama kura. Kila rafu ilishangiliwa kuliko chenga.

Picha iliyonibakia siku ile si ya rafu lakini. Ni ya Deco na Giovanni van Bronckhorst, wote wawili wametolewa nje, mmoja Mreno na mwingine Mholanzi, wamekaa pamoja kwenye ngazi wakiangalia mechi iliyobaki. Klabuni walikuwa wenzi, Barcelona. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuelewa kwa nini ile picha ilinigusa. Sasa naelewa. Mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na siku ambayo mimi na kaka tulikaa hivyo hivyo, nje, tukisikiliza mechi ya wengine.

SIKU MKONO ULIPOPONYOKA

Hii ndiyo nusu ambayo hatuisimulii vizuri.

Ilikuwa mechi kubwa. Sitataja timu wala uwanja, kwa sababu lililotokea siku ile lingeweza kutokea kwenye geti lolote la nchi hii miaka ile, na simnyooshei mtu kidole. Watu walikuwa wengi kuliko njia. Baba yangu wa siku hiyo alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kushona kwa mkono, ana gazeti kwapani, sifa zote anazo. Akanishika. Tukaingia kwenye msongamano.

Ndani ya uwanja filimbi ikapulizwa. Waliokuwa nyuma wakasikia, wakasukuma. Ni hivyo tu. Hakuna aliyepanga ubaya, kila mtu alitaka kuwahi mpira. Mkono wa mzee ukateleza kwa jasho, nikaona kofia yake inakwenda upande mwingine, halafu sikuona kitu isipokuwa migongo. Kwa mtoto wa miaka kumi, umati hauna sura. Ni mikanda, vitambaa na joto. Miguu yangu iliacha kugusa chini. Nilitaka kupiga kelele, pumzi hakuna.

Kaka alikuwa anaelekea ukutani. Aligeuka nyuma, kwa tabia yake ile ya kuhakikisha nimeingia, akaona kofia ya mzee inapita geti bila mimi. Alirudi. Sijui alipita wapi. Ninachokumbuka ni mkono umenishika ukosi, naburutwa, nasukumwa juu ya kibanda cha muuza soda. Mimi nikapanda. Yeye alikuwa bado chini umati ulipokuja tena, ukambana kwenye nguzo.

Mama mmoja muuza karanga ndiye aliyetutoa, akimwaga sinia lake lote chini. Mtulinga wa kaka ulikuwa umevunjika, bega limeshuka kama shati lililotundikwa upande mmoja. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Ndani wakapiga yowe la bao. Kaka, machozi yanamtoka, akaniuliza:

"Nani kafunga?"

Basi bwana, hiyo "nani kafunga" ndiyo ikawa stori. Kwa miaka karibu ishirini tumeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, kijiweni. Watu wanavunjika mbavu. Nami nimeisimulia kama utani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwaka jana ndipo nilipomuuliza kaka, tukiwa wawili tu, kwa nini hajawahi kurudi uwanjani. Yeye ni fundi seremala. Mkono ule anaunyanyua mpaka usawa wa bega, juu zaidi hauendi. Kupigilia dari anamwita kijana wake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Dogo, ile sekunde niliyoona kofia bila wewe, nilishapanga nitamwambia nini mama."

Sikuwa na cha kujibu. Nilikuwa nimeicheka ile siku miaka yote hiyo bila kujua kwamba yeye bado yuko pale getini.

WALIOISHIA GETINI

Sisi tulirudi nyumbani. Wapo ambao hawakurudi. Mei 9, 2001, mjini Accra, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko ilipokuwa inaelekea ukingoni, mashabiki waling'oa viti na kuvirusha, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakimbilia mageti yaliyokuwa yamefungwa. Walikufa 126. Oktoba 2010 majirani zetu Nairobi walipoteza watu saba kwenye msongamano wa Uwanja wa Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na tusidhani haya ni mambo ya kale: Januari 2022, kwenye Afcon ya Cameroon, watu wanane walifia nje ya Uwanja wa Olembe wakigombea kuingia kuiangalia timu yao ikicheza na Comoro.

Ukisoma habari za siku hizo, neno geti linarudi kila mara. Walikuwa watu wa kawaida tu waliotaka kuona mpira, na baadhi yao walikuwa watoto.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mpira wa zamani ulikuwa na raha kwa sababu ulikuwa mgumu, siku hizi namkatisha. Ugumu haukuwa raha. Raha ilikuwepo licha ya ugumu. Uwanja wa sasa, uliofunguliwa 2007 na kupewa jina la Mzee Mkapa mwaka 2020, una viti 60,000. Unaingia kwa kadi ya N-Card, mashine inalia, umepita. Leo naona kina mama wamebeba watoto wachanga kwenye mechi za usiku. Naona wasichana wamekuja kwa makundi, wamejipaka rangi usoni. Enzi zetu mzungukoni, mwanamke alikuwa anauza kitu au anamtafuta mume wake. Mtu anayetaka turudi kule ajiulize kwanza anataka nani abaki nyumbani.

TUNACHOKIKUMBUKA HASA

Basi kama si ugumu, tunakumbuka nini? Nimelifikiria hili tangu Jumamosi ile. Nadhani tunakumbuka mkono.

Tunakumbuka kwamba mtoto wa Tandika asiye na senti aliweza kuingia uwanja wa taifa lake, akaona nyota wa nchi yake kwa macho, kwa sababu mtu asiyemjua alimwamini kwa sekunde thelathini. Ile haikuwa sheria wala mpango wa mtu. Lilikuwa tundu tu kwenye uzio, na tundu hilo hilo ndilo lililotaka kuniua. Tumeliziba, tumefanya vizuri. Lakini mlango wa kuchukua nafasi yake hatujautengeneza.

Mashine ya geti haina huruma na haina ubaya. Inasoma kadi. Mkono wa mzee hauisomi. Mtoto wa leo asiye na hela anaangalia mpira kwenye kioo cha simu ya mtu, au anasikiliza yowe akiwa upande wa pili wa ukuta.

Afcon 2027 inakuja, sisi, Kenya na Uganda. Kila wiki nahudhuria mikutano ya waandishi, nasikia habari za nyasi, taa, vyumba vya kubadilishia nguo na viwanja vya mazoezi. Vyote vinahitajika. Ila bado sijasikia mtu akiulizwa swali dogo: mtoto wa Keko, wa Mtoni, wa Tandika, anayeishi umbali wa kutembea kutoka uwanjani, ataingiaje? Siombi mageti yafunguliwe holela, Mungu apishe mbali. Naomba geti moja la watoto, lenye njia yake na watu wake, na viti vyake vilivyotengwa kupitia shule za jirani. Kwenye mechi nyingi za ligi viti vitupu tunaviona kwenye runinga. Mtoto akikaa pale hakuna anayepata hasara, na miaka kumi baadaye atarudi na kadi yake, na mtoto wake kamshika mkono.

Sasa nirudi kwa yule dogo wa ndala mbili.

Ningependa kuwaambia nilimwingiza. Sikumwingiza. Nilimwambia, "Dogo, siku hizi kila mtu anapita na kadi yake," nikatazama saa, simu ikaita tena, nikaingia. Kipindi cha mapumziko nilitoka kumtafuta. Niliuzunguka upande ule wote mpaka kwenye ukuta wa Shamba la Bibi. Sikumwona.

Usiku nilimpigia kaka nikamweleza. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alinyamaza, halafu akasema kama mtu anayeomba kitu kidogo tu, "Mechi ijayo ya nyumbani nikatie tiketi. Na ya mwanangu pia, amenisumbua muda mrefu."

Nimeshazinunua. Aliniomba jambo moja tu kuhusu viti, hakutaka vya mbele wala vya katikati. Alitaka vilivyo karibu na mlango.